Iweke Kando Kwanza

Mwalimu wenu wa kompyuta alinipigia simu akasema, "Mama Makena, njoo uwaambie vijana kidogo tu kuhusu kazi yako." Kidogo tu! Miaka yote ile niikunje iingie kwenye kidogo tu. Nimeona heri niandike. Mkichoka mtaweka chini mkanywe chai, nami sitajua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna programu moja ya kuandikia kwenye kompyuta, ya bure, inayotengenezwa na watu wa nchi nyingi ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Unaweza kuandikia barua, kitabu, chochote. Ndani yake kuna msimbo, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, na juu ya kila kipande cha msimbo kuna maelezo ya kibinadamu: amri hii inafanya nini, itumie vipi, jihadhari na nini. Mimi nilikuwa nasahihisha hayo maelezo. Msimbo sikuugusa, ni maelezo tu. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mkewe "anatengeneza kompyuta," na majirani wa Manyatta wakawa wananiletea redio, pasi, na siku moja mashine ya kusaga nyama.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo linanisisimua mwili. Maelezo hayo hayakai yamefichwa humo ndani. Ukibonyeza kitufe cha msaada ukataja amri, programu inakuonyesha maelezo yale yale yaliyo kwenye msimbo, neno kwa neno. Na kama huoni kwa macho, sauti ya kompyuta inakusomea. Kwa hiyo sentensi niliyoinyoosha mimi ofisini Embu asubuhi, mvua ikipiga mabati, ilikuja kuingia masikioni mwa mtu asiyeona katika nchi ambayo hata kwenye ramani ningeitafuta. Jamani! Nani aliyenipa ruhusa ya kunong'ona kwenye masikio ya watu wote hao?

Niliajiriwa kama mpiga chapa. Ilikuwa kampuni ndogo mjini iliyopeleka kompyuta kwa shule na kwa watu wazima waliopoteza macho, na ile programu ya kuandikia ndiyo iliyowafaa, kwa sababu haikuhitaji mtu aone vitufe kwenye skrini. Aliyenifundisha ni Mzee Yusufu. Alizaliwa Maua, babake alikuwa na malori, na alizungumza Kimeru kilichonishinda mimi mtoto wa Nkubu, Mmeru mwenyewe. Akikasirika alikuwa na Kiswahili safi cha madrasa, na alikasirika mara nyingi.

Mara ya kwanza alinipa ukurasa wa maelezo. Nikausahihisha wote, Kiingereza kikang'aa, nikampelekea nikijisikia mtu. Akauliza, "Umeijaribu?"

"Nimejaribu nini?"

"Hiyo amri. Umeibonyeza kwa mkono wako ukaona inachofanya?"

"Mimi nasahihisha maneno tu, mzee."

Akaweka kikombe chini. "Basi wewe unapiga pasi shati la mtu bila kuangalia kama mwenyewe yumo ndani."

Nilinuna mpaka jioni. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kugusa maelezo ya amri ambayo sijaibonyeza mwenyewe, tena kwenye faili tupu, kwenye faili kubwa, na kwenye faili yenye jina la kipuuzi lenye nafasi katikati. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Na msiandike "kwa urahisi." Mtu anayesoma maelezo amekwama tayari, ukimwambia ni rahisi unamtukana. Wala msiandike "mpya." Nilikuta maelezo yakisema "njia mpya" na aliyeyaandika amekwisha kupata wajukuu.

Halafu kuna ugonjwa wa kufupisha, nao niliugua. Kulikuwa na maelezo marefu ya amri moja, nikayakata na kuyakata mpaka yakabaki maneno mawili: "Hupanga mistari." Nikayapenda kweli. Wiki hiyo simu ikalia ofisini. Alikuwa Mwalimu Njiru wa Siakago, ambaye nilimfundisha mwenyewe kuandika kwa mashine presha ya macho ilipoanza kumwondolea uwezo wa kuona.

"Mama Makena, mashine inaniambia amri hii hupanga mistari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Inaipanga kama nani? Kama askari wa gwaride, ama kama mbuzi wakishushwa soko la Kiritiri?"

Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikarudisha maneno niliyoyakata: kwa alfabeti, kutoka juu kwenda chini, na mistari mitupu hutangulia. Ukitaka kujua kama maelezo yako yanafaa, fumba macho umwambie mtu akusomee. Utashangaa ni vitu vingapi ulikuwa unaviona kwa macho na hujaviandika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kuja kupiga porojo.

Mwalimu Njiru alikuwa anaandika kitabu kuhusu nyuki, kwa Kimbeere. Bado macho yakiwa na nuru kidogo alizunguka Mbeere yote akiwauliza wazee: mzinga unachongwa kwa mti gani, unatundikwa upande gani wa tawi, unamwambia nini nyuki kabla ya kurina asali, mwizi wa mizinga anajulikana vipi. Alikuwa akifika nyumbani anayaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Wale wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mpaka ikafika mahali hakuna aliyebaki wa kurudi kumuuliza. Yote waliyojua yalikuwa kwenye faili moja, kwenye kompyuta moja, kwenye nyumba moja Siakago.

Siku hiyo alinipigia asubuhi, sauti yake ikiwa chini.

"Mama Makena, stima ilipotea nikiwa naandika. Betri ya hii mashine ilikufa zamani, kwa hiyo ikazima papo hapo. Sasa stima imerudi, na sauti inaniambia kuna nakala ya akiba programu iliyojiwekea yenyewe, nitumie amri ya kurejesha."

"Umeibonyeza?"

"Nimesikiliza maelezo kwanza. Yanasema: Hurejesha maandishi kutoka nakala ya akiba. Faili yako ya awali haitaguswa. Ni maneno mazuri. Lakini tangu ile ya mbuzi, nimeapa nikuulize."

"Kwani huna nakala nyingine? Ile flashi niliyokupa?"

"Flashi ilifuliwa pamoja na suruali."

Nikamwambia angoje. Nikaufungua msimbo wa ile amri nikausoma pole pole. Kufikia wakati huo nilikuwa nimejifunza kuusoma, kama mtu anayeelewa Kiembu bila kukizungumza. Nikasoma tena. Hakukuwa na mahali popote ambapo faili ya awali ililindwa. Amri iliichukua nakala ya akiba na kuimwaga moja kwa moja juu ya faili yako. Ikiwa nakala ile ni nzima, heri. Ikiwa ilikatika pale stima ilipopotea, basi umefuta kitabu chako kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa umeambiwa hakitaguswa.

"Mwalimu," nikasema, "toa mkono kwenye mashine."

"Nimetoa."

"Toa yote miwili."

"Nimetoa yote miwili, mama. Kuna nini?"

"Izime. Usijibu swali lolote, izime tu. Nitakuja mwenyewe."

Akasema, "Wale wazee wote wako humo." Nikamjibu kwamba najua.

Kwanza nikajaribu, kama nilivyofundishwa. Nikaandika faili ya upuuzi, sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, nikatengeneza nakala ya akiba iliyokatika, nikabonyeza. Mafuta ya taa yakatoweka, majani ya chai yakatoweka. Basi nikawaandikia wenzetu wa programu, wale wa nchi nyingi, nikawaeleza kwamba maelezo na msimbo havipatani.

Siku hiyo hiyo kijana mmoja mwerevu sana akaleta sahihisho. Aligeuza ile sentensi ikawa "Faili yako ya awali itafutwa." Tena chini yake, kwenye sehemu ambayo watumiaji hawaisikii ila anayefungua msimbo ndiye anayeiona, kulikuwa na aya ya zamani, akaifuta pia, akaandika kwamba ni porojo za kale. Wote wakasema vizuri, maelezo sasa ni ya kweli. Kilichobaki ni mimi kukubali, kwa sababu maelezo yalikuwa shamba langu. Na vijana, kwa kawaida ningekubali. Ndiyo kazi niliyoajiriwa: msimbo ukifanya hivi na maneno yakisema vile, unabadilisha maneno.

Lakini nilikuwa na mazoea ya kumpigia Mzee Yusufu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu amerudi Maua.

"Mzee, nimepata maelezo yanayosema uongo."

"Nani kakwambia ni maelezo yanayosema uongo?"

"Msimbo ndio unaofanya kazi, si ndiyo?"

"Hata mwizi anafanya kazi! Huyo kijana wako anataka kufuta nini hapo chini?"

"Aya ya zamani. Porojo."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hebu nisomee."

Nikamsomea. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, aliyeandika hakuzaliwa nacho, sawa na mimi. Nawapa kwa Kiswahili. "Kwako wewe utakayegusa hapa. Mtu anayetumia amri hii amepoteza kitu sasa hivi, na mikono yake inatetemeka. Usimpotezee kingine. Faili yake iweke kando kwanza, ndipo ulete nakala. Ni polepole zaidi. Iache iwe polepole. Tobias."

Upande wa pili wa simu nikasikia Mzee Yusufu akivuta pumzi. "Subhanallah," akasema.

Programu ile huhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko, nani alibadilisha na kwa nini. Tukarudi nyuma, mimi Embu na yeye Maua, simu sikioni, mpaka tukafika mwanzo. Ilikuwepo! Tobias alikuwa ameandika mstari mmoja wa msimbo unaoiweka faili kando, na maelezo yake juu, na ile aya. Miaka mingi baadaye mtu mwingine, akitafuta kasi, aliung'oa ule mstari. Sababu aliyotoa: "Hauhitajiki." Maneno aliyaacha, mstari akaung'oa. Nikauliza kwenye kundi huyu Tobias ni nani. Mmoja wa wakongwe akajibu kwamba alikwisha kufa zamani, na kwamba hata yeye alimjua kwa maandishi tu.

Vijana, niliinuka kwenye kiti. Sikuweza kukaa. Mtu ambaye sikujua uso wake wala nchi yake, amekwisha kuzikwa, alikuwa ameketi siku moja akamfikiria Mwalimu Njiru. Hakujua kuna Siakago. Hakujua stima yetu ilivyo. Lakini alimwona, mikono ikitetemeka, akamwekea mlinzi mlangoni, na mlinzi alipoondolewa, maneno yake yakabaki pale yakimngojea mtu wa kuyasoma. Nami nilikuwa karibu kuyafuta kwa kidole kimoja, na kila mtu angenipongeza. Niliogopa kama mtu aliyeingia kanisani akidhani ni ghala.

Siku hizi mnaniambia kuna mashine zinazosoma msimbo na kuandika maelezo zenyewe, na nimeziona, zinaandika vizuri kunishinda. Zitawaambia msimbo unafanya nini. Ninyi ulizeni pia msimbo uliahidi kufanya nini.

Nikaandika jibu fupi: maelezo ni sahihi, msimbo ndio urudi kwenye ahadi yake. Nilitegemea ugomvi. Yule kijana, Mungu ambariki, alijibu, "Sikuwa nimeisoma, nilidhani ni porojo," na yeye mwenyewe ndiye aliyeurudisha ule mstari wa Tobias, akaupima vizuri. Nami nikafanya kazi yangu. Nikaongeza kwenye maelezo: faili yako huwekwa kando kwa jina lake lile lile, likifuatwa na neno la kuitambulisha; nakala ya akiba yaweza kuwa imekatika; ikiwa imekatika, fungua ile iliyowekwa kando. Ile aya ya Tobias sikuigusa, hata nukta. Kiingereza kibovu na yote.

Jumamosi nikaenda Siakago na programu iliyorekebishwa. Mzee Yusufu alishuka kutoka Maua kwa lori la mpwa wake, hakutaka kuhadithiwa. Mke wa Mwalimu alipanda kwenye kiti akaishusha kompyuta kutoka juu ya kabati. Alikuwa ameifunga kwa leso, juu yake akaweka Biblia.

"Tangu siku ile hajalala vizuri," akatuambia. "Anainuka anaigusa kama iko."

"Nilikuwa nahesabu wajukuu wasiifikie," Mwalimu akasema.

Kabla ya lolote nikanakili kila kitu kwenye flashi yangu, maana mimi namwamini Tobias lakini simwamini mtu mwingine. Hata hivyo hakuna kati yetu aliyejua ni ipi iliyo nzima, nakala ya akiba au faili ya awali, au kama zote mbili zimeharibika. Nikaiweka programu. Nikanyoosha mkono kwenye vitufe.

"Mama, samahani," Mwalimu akasema. "Nibonyeze mwenyewe."

Akabonyeza msaada kwanza. Sauti ya mashine ikamsomea maneno yangu, nami nimekaa hapo karibu naye. Akaitikia kwa kichwa kila kituo. Kisha akabonyeza amri. Maandishi yakafunguka, sauti ikaanza kusoma Kimbeere kwa lafudhi yake ya ajabu, kama mzungu aliyemeza uji wa moto, na mkewe akacheka akiwa ameshika birika. Ikasoma miti ya kuchongea mizinga. Ikasoma mzee mmoja wa Kiritiri na maneno yake. Ikaingia kwenye kuwatuliza nyuki, na katikati ya sentensi ikanyamaza.

"Endelea," Mwalimu akaiambia.

Haikuwa na la kuendeleza. Nakala ilikatikia hapo, na kitabu hata nusu hakijafika. Mkewe aliweka birika chini. Mimi nikawaza, angebonyeza siku ile, kwa msimbo usio na mstari wa Tobias, kitabu kingekuwa kimekwisha, na angekuwa amekimaliza yeye mwenyewe.

Midomo ya Mwalimu ikaanza kutembea, akirudia alichosikia. "Ikiwa imekatika, fungua ile iliyowekwa kando." Vidole vyake vikaandika jina. Sauti ikaanza upya, miti, mzee wa Kiritiri, kuwatuliza nyuki, ikafika pale ilipokatika, ikapita. Ikapita, jamani! Ikaendelea kusoma mpaka chai ikapoa, sura baada ya sura, wazee mmoja baada ya mwingine, hadi aya aliyokuwa ameihifadhi siku ile kabla ya stima kupotea. Mwalimu alikuwa analia waziwazi na hakujifuta. Mzee Yusufu alitoka nje akasimama akitazama mbuzi wa watu.

Baadaye Mwalimu aliniomba nimsomee ile aya ya chini, ambayo mashine haisomi. Nikamsomea. Akauliza, "Huyu mtu alikuwa anafuga nyuki?"

"Sijui, Mwalimu. Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Mzinga ukianguka, mtu mjinga anaufungua pale pale kuangalia kama kuna kilichobaki, na nyuki waliobaki wanaondoka. Usiufungue. Uweke kando kwanza, kivulini, utulie."

Kitabu kilitoka. Siku ya kukipokea tulijaa kwenye ukumbi wa kanisa Siakago, na Mwalimu akamwomba binti yake asome ukurasa wa kwanza, wenye majina ya wazee waliompa elimu ile na ambao sasa ni marehemu. Kila jina lilipotajwa watu wa nyumba hiyo waliguna kwa heshima. Mwisho kabisa wa orodha binti akasoma, "Na Tobias."

Watu wakaangaliana. Cucu mmoja, bibi kizee aliyeketi mbele na fimbo yake, akainua mkono.

"Tobias yupi?" akauliza. "Wazee wa nyuki nawajua wote. Huyu ni wa mbari gani?"

Mwalimu aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Cucu, huyo hakuwa na mzinga hapa. Lakini wetu ulipoanguka, yeye ndiye aliyeuweka kivulini."

Yule cucu akafikiri, akaishusha fimbo yake sakafuni.

"Basi ni wetu," akasema. "Haya, msichana, soma."